Povu Gumu, Povu Laini

Aliyempita Fundi bila kumwamkia alijibiwa hata hivyo. "Marahaba!" Fundi angesema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, kisha angemkazia macho mtu huyo mpaka ageuke. Niliwaona maofisa wenye mafaili kwapani wakirudi hatua tatu nyuma na kutoa shikamoo ambayo ilikwisha kujibiwa. Wala hakuwa mtu wa kupenda makuu. Watoto aliwaamkia yeye kwanza, akina mama waliobeba kuni aliwapisha njia. Ila mwenye cheo akijisahau, Fundi hakukubali aendelee kujisahau mbele yake.

Tulimwita Fundi tu, na hapa pia nitamwita hivyo. Mafundi ni wengi Mbulu na Hanang, wa cherehani, wa baiskeli, wa redio, lakini ukisema "Fundi amekataa," watu wa kutoka Basotu mpaka Tlawi walijua unamsema nani, kwa sababu kukataa ndiko kulikomfanya ajulikane kuliko hata kazi yenyewe.

Kazi yake ilikuwa kupuliza povu. Alikuwa na mapipa mawili ya dawa za maji, kompresa ya kusukuma hewa, mipira mirefu miwili na kitu kama bunduki. Dawa zile zilikutana kwenye mdomo wa bunduki, zikatoka pamoja, na zikigusa ukuta au bati zilivimba, zikakauka papo hapo. Chumba kilichopulizwa hivyo hakipotezi joto ovyo, na kama ni chumba cha kupozea, baridi yake haikimbii. Kazi hiyo alijifunza kwenye mashamba makubwa ya ngano ya kule Hanang, akiwa mtu wa majokofu. Zama zilipobadilika, mali ya shamba ikaanza kuuzwa kipande kipande, na mashine ya povu ikatupwa kwenye rundo la vyuma chakavu. Fundi akaenda kuketi juu yake. Wanunuzi wa chuma walipofika na lori walimkuta hapo, wakamtaka ashuke, akasema atashuka wakishapatana. Alitoa fahali mmoja na mitamba wawili. Ndugu zake walimwona amerukwa na akili. Mtu anayeacha ng'ombe watatu kwa ajili ya mashine inayotema povu, kwetu, anatazamwa kwa mashaka.

Mimi nilikuwa muuguzi mkunga kwenye zahanati ndogo ya nyanda za juu, upande wa Tlawi. Nilimfahamu kwa sababu ya baridi. Mtu wa tambarare hawezi kuelewa baridi yetu ya msimu wa ukungu, ukungu unaopanda kutoka bondeni na kuingia hadi kwenye mashuka. Wodi yetu ya wazazi ilikuwa ya matofali na bati tupu. Asubuhi bati lilidondosha maji ingawa mvua haikunyesha, na mama aliyejifungua alilala amejikunja na kichanga chake kama watu walioibiwa nguo. Msimu mmoja tulimpoteza mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Alikuwa mdogo lakini alikuwa anapumua vizuri, ananyonya. Kwenye daftari niliandika sababu kama tulivyofundishwa kuandika. Moyoni nilijua ni bati.

Basi niliposikia kuna mtu Basotu anayeweza kuvisha nyumba, nilimtumia ujumbe kwa dereva wa lori la ngano. Alikuja baada ya siku nne, akipitia Haydom, na mkoba wa turubai begani. Hakuuliza vipimo. Aliingia wodini, akavua kofia, akabandika shavu lake ukutani na kulikalisha hapo muda mrefu, mpaka wagonjwa wakaanza kuchekeana. Akahamia ukuta wa pili. Kisha akanigeukia.

"Sista, watoto wanalala humu?"

"Wanazaliwa humu, Fundi."

"Na waliojenga wanalala wapi?"

Akatoa chaki mfukoni na kuandika ukutani kwa herufi kubwa: BADO. Hiyo ilikuwa alama yake. Ukuta uliokuwa tayari kupulizwa aliuandika KAVU, usio tayari BADO, na hakuna aliyewahi kumshawishi abadilishe neno moja kuwa jingine kabla ya wakati wake.

Ndiye aliyenifundisha kwamba povu si la aina moja, na alinifundisha kama anavyofundishwa mtu ambaye atalazimika kulitetea jambo. Kuna povu laini, akasema. Ni jepesi, linavimba kama unga wa mandazi uliosahauliwa karibu na moto, linaingia kila ufa, na bei yake inavumilika. Ukilibonyeza linarudi kama godoro. Ila ndani yake vijitundu viko wazi, vinapitisha mvuke na kunywa maji. Na kuna povu gumu. Hilo halivimbi sana, ni zito, linakula dawa nyingi na bei yake inaumiza. Likikauka ukiligonga linalia kama ubao. Vijitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo maji hayapiti, na unene wake kidogo unazuia baridi kuliko unene mkubwa wa lile laini.

"Kwa hiyo gumu ndilo zuri," nikasema.

"Sijasema hivyo," akajibu, karibu kwa hasira. "Nimesema ni mawili."

Ilichukua mwaka na ushee wafadhili kupatikana, kanisa moja la ng'ambo lililokubali kukarabati wodi. Mkandarasi akapewa kazi, na mkandarasi akaja na mapipa ya povu laini. Nikamwita Fundi. Alipofika, mkandarasi alikuwa amesimama mlangoni na miwani ya jua, asubuhi ya ukungu.

"Marahaba," Fundi akasema.

Mkandarasi akababaika. "Shikamoo, mzee."

"Povu hilo unalipeleka wapi?"

"Chini ya mabati. Mzee, tusipoteze wakati, povu ni povu."

"Kama povu ni povu, basi na ng'ombe ni ng'ombe. Nenda kakamue fahali."

Wajenzi walicheka mpaka mmoja akashuka ngazi. Mkandarasi hakucheka. Alimwamuru Fundi atoke saiti, na Fundi akatoka, taratibu, akaenda kusimama nje ya kamba, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumfukuza. Siku hiyo hiyo aliniachia vipande viwili ukubwa wa tofali, kimoja laini na kimoja kigumu. Tukavizamisha kwenye ndoo mbili za maji ofisini kwangu, kila kimoja na jiwe juu yake. Ilikuwa Jumatatu. Alhamisi kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu ujenzi, na Fundi akaja na ndoo zake mbele ya watu wote.

Kile kipande laini alimpa bibi mmoja aliyekaa mbele, mwenye wajukuu waliozaliwa mikononi mwangu. "Kamua, mama." Bibi akakamua. Maji yakamtiririka mpaka kwenye viwiko, yakalowesha kitenge chake, na bado yakaendelea kutoka. Kile kigumu Fundi alikifuta kwa mkono wa shati, akakikata kwa panga, akakipitisha kwa watu waguse ndani. Kilikuwa kikavu kabisa.

"Mabati ni mapya, hayavuji!" mkandarasi akapaza sauti.

"Ni mapya leo. Yakichakaa wewe utakuwa wapi?" Fundi akasema. "Na hata yasipovuja. Humo ndani kuna watu wanapumua, kuna maji ya moto yanachemshwa kutwa nzima. Mvuke ule utapita ndani ya povu lako, utagusa bati la baridi, utageuka maji. Utakuwa umewatengenezea wazazi wetu mvua ya ndani."

Mkandarasi hakubadilisha kitu. Alikuwa na mkataba, na mkataba ulisema povu, haukusema lipi. Alipopuliza robo ya dari, akaniletea karatasi nikiri kwamba kazi inaendelea vizuri. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume aliyekuwa akiumwa mgongo. Niliishika ile kalamu. Kupitia dirishani nilimwona Fundi amekaa juu ya mkoba wake nje ya kamba, katika manyunyu, hanitazami. Nadhani angenitazama ningesaini kwa kumwonea hasira. Nikarudisha kalamu.

"Sisaini."

"Sista, unajua unachofanya?"

"Najua kinachodondoka kutoka kwenye hilo bati. Wewe hujui."

Nilipata barua ya kutakiwa kujieleza. Nikajieleza kurasa sita, na kwa mara ya kwanza nikaweka kwa maandishi habari ya kweli ya yule mtoto tuliyempoteza. Barua ile ilimfikia mwakilishi wa wafadhili, mzee mmoja mkimya aliyewahi kuwa mjenzi. Alikuja mwenyewe, akaomba aonyeshwe zile ndoo, akapanda ngazi na kutia kidole kwenye ile robo iliyopulizwa. Kidole kikarudi kimelowa. Aliandika amri palepale: libanduliwe, dari yote ipigwe povu gumu, na kazi hiyo apewe yule mzee wa nje ya kamba.

Tulidhani Fundi atashangilia. Badala yake alikwenda kwa mkandarasi na kumwambia asiyarudishe mapipa yake ya povu laini, kwani kuna ukuta mmoja unayahitaji. Ulikuwa ukuta wa ndani wa mbao, kati ya chumba cha kujifungulia na kibaraza ambapo wanaume na mashemeji walisubiri. Hapo hapakuwa na bati, wala maji, wala baridi ya kuzuia.

"Povu gumu halimezi sauti," alituambia. "Hili laini linameza. Sista, wanawake humu wanauma vitambaa ili wakwe zao wasiwasikie. Nimewasikia nikiwa nje siku zote hizi. Wapeni ukuta walie."

Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka kumi na moja na sikuwahi kulifikiria hilo. Ukuta ukapigwa. Msimu uliofuata alizaliwa mtoto wa miezi saba. Mama yake alikuwa amekuja kutoka familia ya wafugaji wa Hanang, na alimfunga kifuani ngozi kwa ngozi kama nilivyomwelekeza. Chumba hakikumnyang'anya joto lake. Alitoka hapo baada ya wiki tano, ana sauti ya kutosha kutukera sote.

Mtu asidhani Fundi alikuwa rahisi kuishi naye. Mkewe alilalamika kwangu kwa miaka. Dawa za povu hazitaki baridi, pipa likipoa povu linatoka ovyo, kwa hiyo Fundi aliyafunika mapipa kwa mablanketi, na mablanketi yenyewe aliyatoa kitandani. "Mapipa yanalala na joto kuliko mimi," mama yule alisema mbele yake, na Fundi akajibu kwamba mapipa hayawezi kusogea karibu na mtu. Ilikuwa kauli ya mapenzi, kwa namna yake, lakini blanketi hakurudisha.

Nyumba yake mwenyewe haikuwa na tone la povu. Ilikuwa ya kizamani, kuta nene za udongo na paa la udongo juu ya magogo, ya chini, yenye joto asubuhi na ubaridi mchana. Vijana wa Basotu walimcheka: fundi wa kisasa analala kwenye pango. Aliwaambia kwamba aliyeijenga alijua kazi yake, na kwamba povu ni dawa ya nyumba zilizojengwa na watu wasiojua. Mkewe alitaka bati kama wenzake. Walibishana jambo hilo hadi uzeeni, na sikusikia nani alishinda.

Na kulikuwa na suala la maski. Alipopuliza hakumruhusu mtu yeyote, ila msaidizi mwenye maski, kukanyaga ndani mpaka siku ya pili, hata mwenye nyumba, hata padri. Alisema hewa ile inakula mapafu. Lakini yeye mwenyewe, katikati ya kazi, akiona kosa la msaidizi wake, aliinua maski yake ili kupiga kelele. Akiwa peke yake chumbani angekuwa salama. Tatizo ni kwamba makosa yalikuwa mengi, naye hakuweza kuyanyamazia.

Kuna kosa moja lilikuwa lake. Kule Maretadu mwalimu mmoja alijenga ghala la mahindi na maharage, kenchi za mbao za kubebea paa, mabati ya mitumba, akamwita Fundi. Fundi, akiwa bado na sifa za zahanati, akapiga povu gumu dari nzima. Ghala lilipendeza. Baada ya miaka michache alipita kusalimia, akaingia, akagonga dari kwa kifundo cha kidole. Akagonga tena. Akaomba ngazi na panga. Alipolikata povu, mbao za juu zilimwagika kama kahawa iliyosagwa. Bati lilikuwa na tundu siku nyingi. Povu gumu lilizuia maji yasidondoke ndani, kwa hiyo hakuna aliyejua, na maji yakakaa juu yake yakila mbao kimyakimya. Lingekuwa laini lingelowa, lingedondosha, mwalimu angeliona doa na kuziba tundu.

Mwalimu hakuwa amelalamika. Hata rafiki zake Fundi walimsihi anyamaze, kwani nani angejua? Alikataa. Jumapili ile, watu walipotoka kanisani, alisimama nje ya geti na kile kipande cha mbao iliyooza mkononi.

"Hii nimeiozesha mimi," akawaambia. "Si mchwa, si Mungu. Bati chakavu juu ya mbao sikupaswa kulificha. Yeyote niliyempigia gumu chini ya bati kuukuu aniite nikakague."

Waliitika watu saba. Alizunguka nyumba zote saba na panga lake, na mbili alizikuta zimeanza kuharibika. Alizitengeneza. Nilimwuliza kama haoni amewapa adui zake fimbo. "Nilimtukana mkandarasi kwa sababu alikuwa hataki kuangalia," alisema. "Sasa mimi nifumbe macho?"

Kisha mkoa mpya wa Manyara ukaanzishwa, na Babati ikaanza kujengwa kama mji unaokimbizwa. Ofisi, nyumba za wageni, maduka ya nyama yenye vyumba vya baridi. Huo ndio ungekuwa wakati wake. Magari yalikwenda kumchukua Basotu na yakamrudisha siku ileile, kwa sababu alikuta plasta ina siku tatu, akaandika BADO kwenye ukuta wa mtu mwenye haraka, na kukataa kushusha mapipa. Wengine waliichukulia kama jeuri. Mmoja alimwambia wazi kwamba atakufa maskini. Fundi akamjibu kwamba hajawahi kumsikia mtu akifa na ukuta mkavu akajuta. Nilicheka aliponisimulia, lakini nilijua nyumbani kwake walikuwa wakila makande makavu wiki nzima, na kwamba mkewe alikuwa ameacha kumwuliza gari la leo limetoka wapi.

Kifua kilimwanza polepole. Kwanza kikohozi cha asubuhi, halafu pumzi fupi kila alipofungua pipa. Daktari alimwambia kwamba mwili wake umeikataa dawa ile, kwamba hata harufu kidogo ingeweza kumfunga pumzi moja kwa moja, na asikanyage tena chumba kinachopulizwa. Niliposikia hivyo nilijua mtu mwingine angeuza mashine. Nilikuwa nimestaafu, nikapanda basi kwenda Basotu kumwona.

Nyumbani sikumkuta. Mkewe alinielekeza upande wa ziwa, mahali ambapo chama cha wafugaji kilikuwa kinajenga chumba cha kupozea maziwa. Nilimkuta amekaa kwenye stuli, mbali na jengo, upande unakotoka upepo, amejifunga shuka ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amekonda sana. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ambayo haikuvuka barabara yoyote.

"Daktari si alikukataza?"

"Alinikataza kuingia. Hakunikataza kusema."

Ndani ya jengo mashine ilikuwa inanguruma. Waliokuwa kazini ni wanawake wawili wa makamo, wote waliowahi kuuza samaki pale ziwani. Alikuwa amewafundisha kwa misimu miwili, akipiga kelele kutoka kwenye stuli ile. Wanaume aliowafundisha kabla yao, alinieleza, walikuwa wakitaka kumaliza tu waondoke. Mashine ilizimwa, na mmoja wa wale akina mama akatoka, maski imefungwa barabara usoni, akaivua alipofika mbali na mlango. Akanisalimu kwa adabu. Kabla hajanywa maji, pikipiki ikafika. Ni msimamizi wa ujenzi, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Mbona mmezima?" akauliza. "Ukuta bado mwembamba. Pigeni unene wote kwa mpigo, tufunge leo."

"Hatupigi kwa mpigo," mama akasema.

"Kwa nini?"

"Hili gumu likikauka linajichemsha. Ukilipiga nene kwa mara moja joto linakosa pa kutokea. Juu utaona zuri, ndani limeungua, limepasuka. Tunapiga vidole viwili, tunaliacha lipoe, ndipo tunaongeza."

"Mama, mimi nina ratiba."

"Na mimi nina povu."

Msimamizi akamgeukia Fundi, kama watu wanavyogeuka kumtafuta mwanamume wa kuzungumza naye. "Mzee, waambie hawa."

Fundi alikuwa anatazama ziwa. Kijana akarudi kwa mama, sauti imepanda. "Naweza kuleta watu wengine, unajua?"

"Walete," akasema, akijifuta shingo kwa kanga. "Waje na mashine yao. Hii haiwashwi mpaka ukuta upoe."

Nilifungua mdomo kumsaidia. Nilikuwa na maneno tayari, ya zahanati, ya barua ile, ya kurasa sita. Fundi akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, lakini alinibana nikanyamaza. Pumzi yake ilikuwa inapiga mluzi kifuani na macho yake yalikuwa yanacheka.

"Sista," akaninong'oneza, "usimkatishe."